Mvinyo wa nanasi kwa mara ya kwanza: anza na ndoo moja, na usifunge chupa mapema

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe kabla ya somo.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya ugani, nilitengeneza ndoo moja ya mvinyo wa nanasi kwa ajili ya sendofu ya binamu yangu. Siku ya tisa nikaonja, nikakuta tamu kidogo na ina mwasho mzuri ulimini. Nikasema tayari. Nikajaza chupa 11 za kioo, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikazipanga chini ya kitanda. Usiku wa pili, kama saa nane hivi, nikasikia mlio kama wa gobole. Kabla sijakaa sawa, ukaja wa pili, na wa tatu. Asubuhi tukakuta kipande cha chupa kimetoboa chandarua upande anaolala mdogo wangu. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo kila kijana anayekuja kuniuliza habari za mvinyo namwambia kwanza hiyo habari, halafu ndiyo nampa vipimo.

Kwenye kazi hii makosa mengi yanasameheka. Mawili hayasameheki: uchafu na haraka. Uchafu utakupotezea ndoo nzima. Haraka inaweza kukupotezea jicho.

Kwa nini tujisumbue

Wewe unayelima huku kwetu Mbwawa, au upande wa Kisarawe, unaujua mwezi wa kumi na mbili ulivyo. Mananasi yanaiva kwa pamoja, maembe nayo yanaiva. Mnunuzi anakuja shambani akiwa ameshajua kuwa Mabibo na Buguruni kumejaa, kwa hiyo bei anapanga yeye. Yale madogo na yenye mikwaruzo hayachukui kabisa. Hayo ndiyo malighafi yetu.

Na kugeuza tunda kuwa kinywaji si jambo geni nchini. Dodoma wanafanya kwa zabibu. Arusha kampuni ya Banana Investments imejijengea jina kwa mvinyo wa ndizi. Vikundi vingi vya akina mama vinatengeneza mvinyo wa rozela. Sisi nanasi tunalo, tatizo letu ni utaratibu.

Najua pia wengi wetu hapa imani zetu haziruhusu pombe. Kama ni wewe, usione nimekusahau. Nanasi hilohilo linatoa jemu, juisi na vipande vya kukausha, na hayo nayo nitayafundisha.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya ndoo

Hamira ni vijidudu hai. Ukiiweka kwenye juisi inakula sukari, inatoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Kileo kinabaki kwenye maji, hewa inatafuta pa kutokea. Ikipewa njia, unaona mapovu. Ikifungiwa kwenye chupa, inajikusanya mpaka kioo kinashindwa. Ndiyo kilichonipata mimi: utamu niliouonja siku ya tisa ulikuwa ni sukari ambayo hamira bado haijaila.

Upande wa pili kuna bakteria wa siki. Hawa wanakula kileo na kukigeuza kuwa siki, na kazi hiyo hawawezi kuifanya bila hewa ya nje. Wanaletwa na vyombo vichafu na wale inzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: hewa ya ndani itoke, hewa ya nje isiingie. Ukiishika hiyo, hatua zote zinazofuata utaelewa zina maana gani.

Mahitaji kwa lita 10

- Mananasi yaliyoiva vizuri, 7 hadi 9 ya wastani, mpaka upate lita 5 za juisi
- Sukari kilo 1.5
- Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kama lita 4
- Hamira kijiko kidogo kimoja na nusu. Ukipata hamira maalumu ya mvinyo ni bora zaidi, lakini ile ya mikate inafaa kwa kujifunzia
- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule ambao mafundi ujenzi wanapimia leveli, mita moja na nusu
- Madumu mawili ya lita 5, kitambaa cheupe cha kuchujia, na daftari

Ndoo iliyowahi kukaa rangi au dawa ya shamba usiitumie, hata ukiiosha mara mia. Na juisi hii ina uchachu unaokula bati na aluminiamu, kwa hiyo usiilaze humo.

Hatua kwa hatua

1. Safisha. Osha kila kitu kwa sabuni, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe, halafu suuza tena kwa maji yaliyochemshwa. Mikono yako nayo ni chombo. Hapa ndipo vijana wengi wanaruka, halafu wanakuja kuniambia nanasi la Mbwawa halifai.

2. Tayarisha juisi. Menya, kata, ondoa sehemu yoyote iliyooza au yenye ukungu. Nanasi lenye mkwaruzo sawa, lililooza hapana. Saga kwa blenda au twanga kwenye kinu, kisha kamua kwa kitambaa kama unavyokamua tui.

3. Pasha moto. Weka juisi, maji na sukari kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, koroga, pasha mpaka mvuke uanze kupanda vizuri lakini isichemke. Kama una kipimajoto, ni nyuzi 70 kwa dakika 15. Lengo ni kuua vijidudu tusivyovitaka.

4. Poza. Funika, acha ipoe mpaka ukigusa sufuria huhisi joto. Ukiweka hamira kwenye juisi ya moto umeiua, na utakaa wiki nzima unasubiri mapovu yasiyokuja.

5. Amsha hamira. Iweke kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika 15 ikipanda povu, mimina kwenye ndoo na koroga. Isipopanda povu imekufa, tafuta nyingine.

6. Funga na toa njia. Toboa mfuniko tundu linalobana mpira, ingiza ncha moja isiguse juisi, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Ncha ya pili izamishe kwenye chupa yenye maji. Hewa inatoka kwa kubwatabwata, ya nje haipiti. Ndoo ya lita 20 kwa juisi ya lita 10 si uzembe, ni nafasi ya povu.

7. Tafuta ubaridi. Joto letu la Pwani likizidi nyuzi 30, hamira inakimbia na kuacha ladha mbaya. Weka ndoo kivulini ndani ya beseni la maji, izungushie kanga iliyolowa. Kanga ikikauka, lowesha tena.

8. Hamisha. Baada ya siku 10 hadi 14 mapovu yatapungua sana. Nyonya mvinyo kwa mpira safi uingie kwenye madumu, uache mashapo chini. Dumu lijae mpaka shingoni, na kila moja liwe na mpira wake kama mwanzo. Dumu nusu tupu ni karamu ya bakteria wa siki. Mvinyo ukipungua, gawa kwenye vyombo vidogo vinavyojaa.

9. Subiri. Wiki nne nyingine, kivulini, bila kufunguafungua. Mvinyo utaanza kung'aa kuanzia juu. Mashapo yakijikusanya tena, hamisha mara ya pili.

Utajuaje kuwa umemaliza

Usiniambie "mapovu yameisha". Mapovu yanaweza kusimama kwa sababu ya baridi ya usiku, kesho yakaanza tena. Tumia vipimo viwili.

Cha kwanza ni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Siku ya kwanza kabla ya hamira, mchanganyiko huu husoma karibu 1.080. Mwisho unatakiwa ushuke mpaka 1.000 au chini yake, na usomeke vilevile baada ya siku tatu. Ukitoa namba ya mwisho kwenye ya kwanza na kuzidisha kwa 131, unapata kileo kwa asilimia. Kwa mfano 1.080 toa 1.000 ni 0.080, mara 131 ni kama asilimia 10.5.

Cha pili hakina gharama, nakiita chupa ya shahidi. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ijaze mvinyo, kaza kifuniko, iweke sehemu ya joto la kawaida siku 7. Kila siku ibonyeze. Ikibaki laini, mvinyo umetulia. Ikiwa ngumu kama jiwe, legeza kifuniko taratibu na urudi kusubiri. Chupa ya plastiki inatoa ushahidi bila kumjeruhi mtu. Ningekuwa nayo mwaka ule, ningelala usingizi wangu.

Na jingine: mvinyo uliokamilika hauna utamu mwingi, wateja wetu wanapenda utamu, kishawishi cha kuongeza sukari kwenye chupa ni kikubwa. Usiongeze. Hamira iliyolala inaamka. Kwa mara hizi za mwanzo, weka sukari wakati wa kunywa.

Ukiharibika

Ukinusa siki, usiutupe. Umejifunza kuwa hewa iliingia, na siki hiyo ikiwa safi inafaa jikoni. Lakini ukiona ukungu wa rangi juu, au harufu ya kuoza, mwaga shambani. Usijaribu "kuokoa" kwa kuuchemsha na kukusanya mvuke wake. Hiyo ni gongo, sheria inakataza, na pombe za kificho zimeshaua na kupofusha watu.

Hesabu na sheria

Lita 10 ukishatoa mashapo zinabaki kama lita 8.5, sawa na chupa 11 za mililita 750. Andika kila shilingi: mananasi kwa bei ambayo ungeuza, sukari, mkaa, chupa, vifuniko, nembo na muda wako. Tuchukulie imefika 30,000. Gawa kwa 11, kila chupa imekugharimu kama 2,700 kabla hujapata faida wala kulipa kodi. Vijana wengi wanahesabu sukari peke yake, halafu wanashangaa hela imeenda wapi.

Kutengeneza ndoo ya kujifunzia ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kabla ya kuuza chupa hata moja nenda ofisi ya SIDO ya mkoa, wakuelekeze na kukutambulisha TBS kwa ajili ya ubora. Halmashauri wana leseni ya vileo. TRA wana utaratibu wa ushuru na stempu za kielektroniki. Usifikirie kuweka kwenye vifuko vya plastiki, viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017. Na mwenye umri chini ya miaka 18 usimuuzie wala usimwonjeshe.

Kazi ya nyumbani

Tengeneza ndoo moja tu. Kwenye daftari andika tarehe, lita, sukari, joto la chumba na ulichokiona kila siku. Ndoo ya pili ifuate baada ya chupa ya shahidi kukaa wiki nzima ikiwa laini. Kijana anayekuja kwangu na daftari nitakaa naye hata jioni nzima, hata kama mvinyo wake umegeuka siki. Anayekuja na chupa zilizofungwa siku ya tisa, namwomba kwanza aziache nje ya mlango, mbali na watoto, halafu tunaongea.

Kila la heri, tukutane shambani.