SOMO: KUTAFUTA MVUJO KATIKA PAA LA GARI LA CHAMA

Gari la chama cha msingi hubeba vitu vingi visivyopatana na maji. Mbolea ya chumvichumvi ikilowa hugandamana. Mbegu huoza kabla ya kumfikia mkulima. Na kitabu cha stakabadhi kilichofutika wino huzua ubishi ambao hata mkaguzi wa hesabu hawezi kuumaliza. Hata hivyo, paa likivuja, desturi ya wengi ni kupaka gundi pale panapodondoka matone, kisha kungojea mvua nyingine. Mvua ifikapo matone hurudi, na lawama humwangukia dereva.

Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Yakishapenya hufuata mteremko, huambaa juu ya kitambaa cha dari, na kuangukia mahali pengine kabisa. Gari likiegeshwa penye mwinuko, hata tone lenyewe huhama. Kwa hiyo hapana budi kwanza kukishusha kitambaa cha dari, kukausha bati kwa ndani, na kuliegesha gari mahali tambarare.

Kazi hii yahitaji watu wawili. Mmoja hukaa ndani na tochi na chaki. Mwingine humwaga maji nje kwa mpira, polepole, bila nguvu. Huanzia chini: kwanza mpira wa kioo cha mbele, kisha madirisha ya pembeni, kisha mfereji wa paa, na mwisho juu kabisa, penye bolti za keria na shina la antena. Kila mahali hupewa dakika kadhaa. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu kwa pamoja, naye hatajua kamwe ni tundu lipi lililovuja. Aliye ndani hutia alama ya chaki pale unyevu unapoonekana kwanza, wala si pale unapodondokea.

Land Rover za zamani zataka uangalifu zaidi. Paa lake ni la alumini, nalo limefungwa kwa bolti za chuma. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, alumini huliwa, na unga mweupe kando ya bolti ni dalili ya jambo hilo. Hapo gundi peke yake haifai: bolti hufunguliwa, unga husuguliwa kwa msasa, na washa mpya za mpira hutiwa.

Kwenye maungio ya mfereji, gundi kuukuu hukwanguliwa yote, kutu huondolewa, pakapanguswa kwa spiriti na kuachwa pakauke. Ndipo hupakwa gundi mpya ya kuzibia maungio ya magari. Silikoni inayonuka kama siki isitumiwe, kwani asidi yake hula bati, na rangi haishiki juu yake.

Gundi ikishakauka, jaribio la maji hurudiwa kwa utaratibu uleule. Kitambaa cha dari kisirudishwe mpaka mvua moja kubwa ipite na bati libaki kavu.