Sauti ni Amana: Somo Kutoka kwa Mambo Mbotela

Makomredi wengi wanaokimbilia redio ya chuo huwaza maiki, salamu na kujulikana. Lakini hebu tujiulize: mtaji wa mtangazaji ni upi hasa?

Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, kikadumu zaidi ya miaka 50. Kilizungumzia adabu na mienendo ya kila siku tu, na polepole wasikilizaji wakaizoea sauti yake, wakaiamini.

Kisha, Agosti 1, 1982, askari waasi wa jeshi la anga walimchukua nyumbani kwake, wakampeleka kituoni na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Bunduki walikuwa nazo, na kituo walishakiteka. Mbona wahangaike kumtafuta yeye? Kwa sababu walijua Wakenya wangeiamini sauti hiyo.

Somo ndilo hilo. Imani ya wasikilizaji hujengwa kwa miaka, na kila mwenye nguvu ataitamani. Mbotela alishikiwa bunduki. Wewe huenda ukapewa bahasha tu. Basi kabla hujawasha maiki, jiulize: maneno haya ni ya nani?