Ziba Pancha, Lakini Toa Mwiba Kwanza

Somo la 12

Mkulima mmoja alikuwa na baiskeli. Kutoka kijijini kwake hadi zahanati ni kilometa 14. Siku ya Jumatatu tairi la nyuma lilipata pancha. Mkulima akaziba. Jumatano tairi likaisha upepo tena. Akaziba tena.

Ijumaa usiku mtoto wake alishikwa na homa kali. Alfajiri mkulima alimpakia mkewe na mtoto kwenye baiskeli. Hawakufika mbali, tairi likalala. Iliwabidi kutembea kwa miguu, wakimbeba mtoto kwa zamu. Walifika zahanati saa sita mchana. Mtoto alitibiwa, akapona. Lakini mganga aliwaambia, "Homa kama hii haingoji. Siku nyingine msichelewe."

Kesho yake mkulima alimwendea fundi. Alikuwa na hasira.

"Fundi, solusheni uliyoniuzia haishiki!"

Fundi akavua tairi. Akaitazama tyubu. Viraka vyote viwili vilikuwa vimeshika vizuri. Kando yake palikuwa na tundu la tatu.

"Ndugu yangu," fundi akauliza, "mwiba uliutoa?"

"Mwiba gani? Mimi niliona tundu tu, nikaziba."

Fundi akapapasa ndani ya tairi. Akachomoa ncha ya mwiba wa mgunga, fupi kama punje ya mchele. Mwiba huo mmoja ulitoboa tyubu mara tatu.

Ndugu msomaji, hilo ndilo somo letu. Tundu ni matokeo. Mwiba ndio sababu. Ukiziba tundu na kuuacha mwiba, umepoteza kiraka chako.

Tairi letu huvulika

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, alipata hati ya tairi la upepo la baiskeli. Matairi yale ya kwanza yaligandishwa kwenye rimu. Kuyavua ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, Michelin, walitoa tairi linaloweza kuvuliwa na kurudishwa upesi.

Hata leo ziko baiskeli za mashindano zenye matairi ya kugandisha kwa gundi. Tyubu yake imeshonewa ndani ya tairi. Ili kuziba pancha, fundi hubandua tairi, hufumua nyuzi, huziba, kisha hushona tena. Tairi la baiskeli zetu za kazi halihitaji hayo yote. Wewe mwenyewe unaweza kulivua, kuliziba na kulirudisha.

Vifaa

Tayarisha pampu, vyuma viwili bapa visivyo na makali, msasa, solusheni, viraka na beseni la maji. Kiraka waweza kukikata kutoka tyubu kuukuu. Kikate kiwe cha mviringo, kwa sababu kiraka chenye pembe hubanduka upesi.

Hatua za kazi

1. Angalia valvu kwanza. Paka mate au maji kwenye valvu. Mapovu yakitoka, huenda tyubu ni nzima, ila mpira mdogo wa valvu umechakaa. Ubadilishe. Kama hakuna mapovu, endelea.

2. Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Si lazima kufungua gurudumu la nyuma. Unaweza kuvua upande mmoja wa tairi na kuivuta tyubu nje.

3. Toa upepo wote. Fungua nati ya valvu. Minya tairi kuzunguka gurudumu lote ili kingo zake ziingie katikati ya rimu. Hapo tairi litalegea. Ingiza vyuma bapa, uvue upande mmoja. Usitumie kisu wala bisibisi yenye ncha. Vitatoboa tyubu.

4. Jaza tyubu upepo kidogo. Izamishe majini sehemu baada ya sehemu. Penye mapovu ndipo penye tundu. Kama huna maji, ipitishe karibu na shavu lako, utasikia upepo. Tia alama. Usiridhike na tundu moja. Maliza kuizungusha tyubu yote.

5. Tafuta sababu. Hatua hii ndiyo aliyoiruka yule mkulima. Pima tundu liko umbali gani kutoka valvu, kisha pima umbali huo kwenye tairi, upande huu na upande huu wa valvu. Papasa ndani ya tairi polepole kwa kitambaa, usije ukajichoma. Toa mwiba, msumari au kigae cha chupa. Tazama na nje ya tairi pia.

Kama tundu liko upande wa rimu, tazama vichwa vya spoki. Spoki iliyochomoza ikwanguliwe kwa tupa. Kisha funika vichwa vyote kwa utepe wa mpira. Kama matundu ni mawili, yamekaa sambamba, hakuna mwiba. Tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

6. Ziba. Toa upepo, kausha tyubu. Piga msasa mahali pakubwa kuliko kiraka. Kama kiraka ni cha tyubu kuukuu, nacho kipige msasa. Paka solusheni nyembamba kwenye tyubu na kwenye kiraka hicho. Ngoja kama dakika tano, mpaka isiwe mbichi tena. Watu wengi hukosea hapa, hubandika upesi. Ukibandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka hakitashika. Kisha bandika na ukandamize kwa nguvu. Nyunyiza vumbi la chaki juu yake ili tyubu isigande kwenye tairi.

Hadhari: solusheni hushika moto upesi. Iweke mbali na moto, na mbali na watoto. Usiinuse.

7. Rudisha. Tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje. Anza na valvu, kisha iingize tyubu yote. Rudisha tairi kwa vidole gumba, umalizie penye valvu. Sukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibanwe na tairi. Zungusha gurudumu utazame kama tairi limekaa sawa pande zote. Ndipo ujaze upepo.

Kutunza matairi

Jaza upepo wa kutosha kabla ya kupakia mzigo. Tairi likibonyea sana chini ya mzigo, ongeza upepo.

Usiendeshe wala kusukuma mzigo juu ya tairi lisilo na upepo. Rimu itakata tairi na tyubu pamoja.

Usiache baiskeli juani mchana kutwa. Jua huupasua mpira. Mafuta ya taa na oili huuozesha.

Tairi likipasuka kidogo, weka ndani yake kipande cha tairi kuukuu, ili tyubu isitokeze nje.

Kila jioni zungusha magurudumu, uchomoe miiba iliyonasa. Mwiba hauingii wote kwa siku moja. Leo uko nje, kesho uko ndani. Kazi hii ni ya dakika mbili tu.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkulima yule sasa hukagua matairi kila jioni. Hajui ni usiku gani atahitaji kwenda zahanati.

Maswali

1. Kwa nini viraka vya mkulima havikumsaidia?
2. Utajuaje kama upepo unatoka kwenye valvu?
3. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanaonyesha nini?
4. Kwa nini tunangoja kabla ya kubandika kiraka?
5. Zoezi la darasa: Leteni baiskeli moja. Kagueni matairi yake pamoja. Andikeni mlichokiona, na mlichokifanya.