Ubongo Hujengwa Kila Siku
Mambo ya kujua kuhusu homoni, mazoezi na mwenendo wa maisha

Wengi huamini kwamba akili ya mtu ni ile aliyozaliwa nayo, basi. Sivyo. Miunganiko ya neva ubongoni huimarika au hulegea kulingana na kinachopita mwilini na kile tunachokifanya mara kwa mara.

Homoni: kazi inaanzia tumboni

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni inayoongoza ukuaji wa ubongo. Katika miezi mitatu ya kwanza mimba hutegemea homoni ya mama, maana tezi ya mtoto bado haijaanza kazi. Homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto. Yakipungua sana, mama huweza kuota rovu, na mtoto huweza kuzaliwa na mtindio wa ubongo usiotibika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za madini hayo kwa siku kwa mjamzito au anayenyonyesha, na 150 kwa watu wazima wengine.

Kwa hiyo:
- Nunua chumvi ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ina madini joto.
- Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko, jua na unyevu.
- Itie chakula kinapokaribia kuiva, kwani moto mwingi huyapunguza madini hayo.
- Usizidishe. Mtu mzima asivuke kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo chumvi iliyomo kwenye mkate na vyakula vya viwandani.

Mazoezi: kinachotumika ndicho kinachokua

Anayetaka kuendesha teksi nyeusi za London hukariri mitaa ipatayo 25,000, na kwa kawaida humchukua miaka mitatu hadi minne. Watafiti Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwapima ubongo wanagenzi 79, kisha wakawapima tena wengi wao baada ya mafunzo. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Kwa 39 waliofuzu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotunza kumbukumbu za mahali, ilikuwa imeongezeka. Walioshindwa hawakuwa na badiliko hilo. Hata hivyo waliofuzu walizidiwa katika kukumbuka mchoro mgeni: faida ya upande mmoja ilikuwa na gharama upande mwingine.

Maisha ya kila siku

Mtu akitishika, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, naye huwa macho na tayari. Hali hiyo ikidumu kwa miezi kwa sababu ya madeni, vipigo au ugomvi wa nyumbani, kumbukumbu na umakini hudhoofika. Mtoto anayeishi kwa hofu hujifunza kwa shida hata akiwa na mwalimu hodari.

Kutembea nako kunasaidia. Nchini Marekani, utafiti wa watu 120 wa miaka 55 hadi 80 ulionyesha kuwa waliotembea kwa kasi hadi dakika 40, mara tatu kwa wiki, hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2 ndani ya mwaka mmoja. Wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, zao zilipungua.

Nenda kituo cha afya ukiona dalili hizi, zinazoweza kutokana na tezi ya thairoidi:
- Uvimbe shingoni.
- Uchovu usioisha, kuhisi baridi kupita wenzako, au kusahau kulikozidi.
- Mtoto mchanga anayelala mno, anayenyonya kwa shida, au mwenye manjano isiyokwisha.

Kipimo cha damu huonyesha kama homoni ya thairoidi imepungua, na vidonge vyake vipo. Kwa mtoto mchanga kila wiki ina uzito: tiba ikianza mapema, ubongo wake huokolewa.