Kifurushi Kikubwa Hakiongezi Kasi: Jinsi Data Inavyosafiri na Namna ya Kutambua Kasoro

Mtumiaji wa intaneti anapoona ukurasa haufunguki au picha haziendi, wazo linalomjia haraka ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Tuchukulie mfano wa mfanyabiashara wa mahindi katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mnunuzi aliye mbali anataka kuona picha tano za mzigo kabla ya kulipa. Mfanyabiashara ameketi ndani ya ghala la mabati, na picha hazitoki. Ananunua kifurushi cha pili. Picha bado hazitoki. Hatimaye mnunuzi anahamia kwa muuzaji mwingine. Mfanyabiashara huyu amepata hasara mbili: bei ya kifurushi ambacho hakukihitaji, na biashara aliyoikosa.

Somo hili linakusudia kumwezesha mtumiaji kutambua kasoro iko katika sehemu gani ya safari ya data, ili asitoe fedha pasipostahili, na anapolalamika alalamike kwa hoja.

1. Ujazo na kasi ni vitu viwili

Kifurushi huuzwa kwa ujazo, na kipimo chake ni megabaiti (MB) au gigabaiti (GB). Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps). Baiti 1 ina biti 8. Kwa hiyo kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 tu kwa sekunde. Anayechanganya vipimo hivi hutarajia kasi mara nane ya ile aliyoahidiwa.

Ujazo ni kama idadi ya madumu ya maji uliyoyalipia kwenye kioski. Kasi ni wingi wa maji yanayotoka bombani kwa dakika moja. Ukilipia madumu 20 badala ya 10, bomba halitatoa maji kwa nguvu zaidi.

Turudi kwenye picha za mahindi. Ikiwa kila picha ina MB 4, picha tano zina MB 20, yaani megabiti 160. Kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, zitatumwa kwa sekunde 20. Kasi ikishuka hadi megabiti 0.2 kwa sekunde, zitachukua sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13. Muda huo haubadiliki, iwe salio la kifurushi ni GB 1 au GB 10. Ikumbukwe pia kwamba kasi ya kutuma mara nyingi huwa ndogo kuliko kasi ya kupokea.

2. Data husafiri katika vipande

Picha haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja. Picha tano tulizozitaja huwa zaidi ya pakiti 13,000. Kila pakiti hubeba anuani ya inakotoka na inakokwenda. Mitambo iitwayo ruta husoma anuani hiyo na kuisukuma pakiti hatua inayofuata, kama mfuko wa barua unavyopita posta moja hadi nyingine.

Pakiti ikipotea njiani, hutumwa upya. Ndiyo maana mawimbi yakiwa hafifu, kasi hushuka mara mbili: njia hupitisha data kidogo, na sehemu ya nafasi hiyo hutumika kurudia pakiti zilizopotea.

3. Safari yenye hatua nne

Hatua ya kwanza ni kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara, au hadi kwenye ruta ya nyumbani kwa njia ya waifai. Hapa data hupita hewani.

Hatua ya pili ni kutoka mnarani hadi kwenye mtandao mkuu wa mtoa huduma. Baadhi ya minara imeunganishwa kwa faiba. Mingine hupokezana data kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mmoja hadi mwingine.

Hatua ya tatu ni safari ya ndani ya nchi, ambako Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huunganisha mikoa. Mwanga hupita ndani ya uzi wa kioo wa faiba kwa kasi ya takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo umbali wa Dodoma hadi Dar es Salaam, wa takriban kilometa 450 kwa barabara, hauwezi peke yake kuwa sababu ya mtandao kuwa wa polepole: mwanga huumaliza kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.

Hatua ya nne ni kutoka nje ya nchi kupitia mikongo ya baharini inayofika Dar es Salaam, ikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu baharini, na huduma za intaneti zikazorota nchini mwetu na katika nchi jirani. Siku hiyo, mkazi wa Dodoma aliyekuwa chini ya mnara aliathirika sawa na aliyekuwa mbali nao, na hakuna kifurushi ambacho kingemsaidia.

4. Mawimbi na mazingira ya uwanda wa kati

Mawimbi ya redio hutofautiana kwa masafa. Masafa ya chini, kama ya megahezi 700, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, hivyo hufaa vijijini ambako makazi yametawanyika. Masafa ya juu, kama ya megahezi 3,500, huweza kubeba data nyingi lakini hufifia mapema, hivyo hufaa mijini. Kanuni hiyo hutawala hata waifai: masafa ya gigahezi 2.4 hufika chumba cha mbali, ilhali ya gigahezi 5 huwa na kasi zaidi karibu na ruta.

Mazingira yetu yana vizuizi vyake. Mabati huakisi mawimbi. Nyumba ya tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, huyapunguza nguvu. Vilima vya mawe vya Dodoma na milima ya Mpwapwa na Kondoa huweza kuweka kijiji kizima kwenye kivuli cha mawimbi, ingawa mnara hauko mbali.

Alama za 3G, 4G au 5G kwenye simu huonesha aina ya teknolojia, na vile vistari huonesha nguvu ya mawimbi. Alama hizo hazioneshi ni watu wangapi wanautumia mnara huo kwa wakati mmoja.

5. Msongamano

Uwezo wa mnara hugawanywa kwa waliopo. Tuseme upande mmoja wa mnara una uwezo wa megabiti 60 kwa sekunde. Watumiaji 6 wakigawana sawa, kila mmoja hupata megabiti 10. Wakiwa 60, kila mmoja hupata megabiti 1. Ndiyo sababu mtandao unaweza kuwa mzuri alfajiri na kuwa mzito jioni katika maeneo yenye hosteli za wanafunzi, au siku ya mnada.

6. Namna ya kutambua kasoro ilipo

(a) Angalia salio la kifurushi. Kama kifurushi ni cha bila kikomo, soma vigezo na masharti: baadhi hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi.

(b) Kama unatumia waifai, izime na ujaribu data ya simu. Mambo yakienda vizuri, chunguza ruta au huduma inayoilisha.

(c) Toka nje ya jengo, mahali pa wazi, ujaribu tena. Kasi ikipanda, kizuizi ni jengo.

(d) Jaribu mahali hapo hapo saa 11 alfajiri na saa 2 usiku. Tofauti kubwa ni dalili ya msongamano wa mnara.

(e) Linganisha na jirani anayetumia mtandao mwingine. Ikiwa mitandao yote ni mizito kwa wakati mmoja, huenda kasoro iko mbali zaidi ya mnara wako.

Zingatia: programu za kupima kasi hutumia data. Jaribio la sekunde 15 kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde hula takriban MB 37. Pima kwa kiasi.

7. Haki yako na utaratibu wa kulalamika

Mtumiaji ana haki ya kupewa taarifa sahihi kuhusu bei, masharti na ubora wa huduma anayoinunua. Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, saa, mahali, kasi uliyopata na hatua ulizozijaribu. Kisha wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma wako kwanza, na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na kumbukumbu hizo. Maelezo kwamba mtandao ni mbovu humwacha fundi bila pa kuanzia. Lakini ukieleza kwamba kasi hushuka kila siku kuanzia saa 1 jioni katika mtaa fulani, hata ukiwa nje ya nyumba, umemwonesha mnara wa kuchunguza.

Kama mfanyabiashara wa Kibaigwa angeujua utaratibu huu, angeangalia salio, akaona kifurushi chake cha kwanza bado kimejaa, akatoka nje ya ghala la mabati, akatuma picha moja iliyopunguzwa ukubwa kabla ya nyingine. Pengine angefanikiwa, pengine kasoro ingekuwa mnarani. Lakini fedha ya kifurushi cha pili ingebaki mfukoni.

Maswali ya kujipima

1. Faili la MB 50 litachukua sekunde ngapi kupakuliwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde? (Jibu: sekunde 40.)

2. Intaneti yako ni nzito usiku na nyepesi alfajiri, ukiwa mahali pale pale. Je, kuongeza kifurushi kutasaidia? Eleza kwa nini.

3. Je, simu yenye vistari vyote vya mawimbi inaweza kuwa na intaneti ya polepole? Taja sababu mbili.