Somo la Mawe ya Unguja

Unguja haina majabali mekundu kama yale ya nchi za jangwa. Lakini ina maweni, nchi kavu ya mawe iliyo upande wa mashariki na wa kusini. Tulitoka Mji Mkongwe tukaenda Jambiani kuyatazama, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Asili yake. Jiwe la maweni kwa nje ni la kijivu na jeusi, tena lina makali ya kukata mguu. Ukilivunja, ndani ni jeupe. Na katika mashimo yake umo udongo mwekundu. Ukilitazama vema utaona maumbo ya matumbawe na makombe. Maana yake, nchi hii zamani ilikuwa chini ya bahari, na viumbe wadogo mno ndio walioijenga.

2. Ushuhuda wake. Karibu na Jambiani liko Pango la Kuumbi. Wataalamu waliochimba humo walikuta zana za mawe, na mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiokuwapo Unguja leo. Watu walikaa humo yapata miaka 20,000 iliyopita. Je, wanyama hao walivukaje bahari? Hawakuvuka. Siku zile maji mengi ya dunia yalikuwa barafu, na bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 100. Unguja ilishikana na bara. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikaitenga.

3. Matumizi yake. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kwa chokaa ipatikanayo kwa kuyachoma. Kuta hizo hunywa maji na kuyatoa tena. Chokaa huyapisha, saruji huyafungia ndani, na ukuta hudhoofika. Mwaka 2000 mji uliandikwa katika Urithi wa Dunia, lakini sifa haizibi ufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa kutengenezwa, na watu wawili wakafa.

Basi yatupasa mambo mawili. Pangoni tusiokote kitu, kwa kuwa mfupa ulioondolewa mahali pake hauwezi tena kutoa ushuhuda. Na nyumbani tukumbuke neno la wazee: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali kwa walimu: Jiwe la maweni lilitoka wapi? Mifupa ya Kuumbi yatufundisha nini? Kwa nini ukuta wa matumbawe hupakwa chokaa?