Jembe, Chungu na Sindano ya Kufumia

Katika somo hili tutazungumza juu ya kufuma. Hatutajifunza namna ya kufuma, maana wengi wenu mnajua. Tutajifunza namna ya kufuma bila kuharibu kazi nyingine, na bila kuleta ugomvi nyumbani.

Kufuma ni kazi tamu. Anayefuma husema, "Nimalize mstari huu tu." Akiumaliza, huanza mwingine. Maharage yanaungua. Mtoto analia. Jua linapanda na shamba linangoja. Mume akirudi anakuta moto umezimika, naye anasema maneno makali juu ya sindano na nyuzi. Kesho yake mama anaficha kazi yake chini ya kitanda. Nyuzi zinakaa huko mpaka panya wanazikata. Chakula kimeharibika, na fedha ya nyuzi imepotea pia.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Tuone sababu.

Kazi za mikono si ngeni kwetu

Kabla ya nyuzi za dukani kufika vijijini, mama zetu walisuka ukili. Tazama mtu anavyosuka ukili. Anazungumza na jirani. Anafukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Anamwita mtoto. Vidole vyake havisimami, wala haviangalii. Akiitwa, anauweka chini na kuondoka. Akirudi, anauokota na kuendelea pale pale.

Lakini kuunga ukili uwe mkeka ni kazi nyingine. Hiyo hutaka nafasi, sindano na utulivu. Ukiifanya huku unapika, mkeka utakwenda upande. Basi katika kazi moja ya mkeka kuna kazi mbili. Moja inakubali kukatizwa. Nyingine haikubali.

Watu wa mahali pengi wanalijua jambo hili. Huko Ukambani, nchi ya Kenya, wanawake hufuma viondo huku wakitembea kwenda sokoni. Kiondo hufumwa kwa nyuzi za katani, zao ambalo ninyi wa Korogwe mnalifahamu vizuri. Mbali sana na hapa, kaskazini ya Uskoti, kuna visiwa viitwavyo Shetland. Huko ni baridi kali. Zamani wanawake wa Shetland walibeba vikapu vya kuni za udongo mgongoni, na njiani mikono yao ilikuwa ikifuma soksi na sweta. Walivaa mkanda maalumu kiunoni wa kushikilia sindano moja, ili kazi isianguke. Hawakuwa na saa nyingi kuliko sisi. Walichagua tu sehemu ya kazi inayofaa njiani.

Na hapa karibu, katika kata ya Misima, kuna kijiji cha Msomera. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimehamia huko. Wanawake wa Kimaasai ni mafundi wa shanga. Hukaa pamoja kivulini, watoto wakicheza karibu. Ukipata nafasi, kaa nao uone wanavyohesabu rangi. Shanga hazitaki haraka.

Kazi ya mikono na kazi ya kichwa

Sasa turudi kwenye kufuma kwa nyuzi. Tuchukue mfano wa kofia ya mtoto mchanga. Nimeichagua kwa makusudi. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa kichwani, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili. Hata Handeni, ambako mchana ni joto, usiku wa Juni na Julai una baridi. Kofia ndogo ni kitu cha maana kwa mzazi.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia huwa na mzunguko wa sentimita 33 hadi 37 hivi. Kofia iliyofumwa huvutika, kwa hiyo tufume ya sentimita 32. Utajuaje idadi ya vitanzi? Kwanza fuma kipande kidogo cha kujaribia. Kipime kwa futikamba ya fundi cherehani. Tuseme katika sentimita 10 umehesabu vitanzi 20. Basi kila sentimita 1 ina vitanzi 2.

32 × 2 = 64

Utaanza na vitanzi 64. Hii ni kazi ya kichwa. Kutia vitanzi vya kwanza kwenye sindano kunataka hesabu. Ukiitwa katikati utasahau umefika 37 au 47. Ifanye watoto wakiwa wamelala, au wakiwa shuleni na chungu hakipo motoni.

Baada ya hapo inakuja mistari ya katikati. Ni ile ile, mmoja baada ya mwingine. Hii ni kazi ya mikono. Hii ndiyo ya kwenda nayo kliniki, ambako mnakaa kwenye benchi mkingoja mtoto apimwe uzito. Hii ndiyo ya kwenda nayo kwenye foleni ya maji. Katika wilaya ya Handeni watu wamepoteza saa nyingi sana za maisha yao wakingoja maji. Foleni ni mbaya, lakini maadamu ipo, mikono isikae bure.

Mwisho ni juu ya kofia, pale unapopunguza vitanzi ili ifunge. Hiyo tena ni kazi ya kichwa. Usiipeleke kwenye foleni. Ukikosea hapo itabidi ufumue, na kufumua kunakula muda kuliko kufuma.

Wako wanaosema kwamba mwanamke mwenye watoto wadogo hawezi kufuma. Mimi sikubali. Nimeona kwamba wengi wanaoshindwa huwa wamechukua kazi ya kichwa wakati wa mikono. Kisha wanalaumu watoto.

Daftari dogo

Hapa kisomo chako kinakusaidia. Mfumaji asiyejua kuandika hulazimika kuumaliza mstari na kuikumbuka hesabu yote kichwani. Ndiyo maana anasema, "Ngoja kidogo!" chungu kikiungua. Wewe unaweza kuandika. Funga daftari dogo na kalamu kwenye mfuko wako wa kufumia. Kila ukimaliza mstari, piga kijistari kimoja. Ukifika vijistari vitano, vikate. Andika hivi:

Kofia ya mtoto. Vitanzi 64. Mistari 48. Nimefika mstari wa 20.

Ukishaandika hayo, unaweza kuiweka kazi chini kwa siku 1 au kwa mwezi mzima. Hata mtoto akichomoa sindano, utajua ulipofika. Nakushauri pia usiache mstari katikati ukiweza. Lakini kama mtoto ameanguka, uache.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu miaka hiyo madarasa mengi ya akina mama yamefundisha kufuma na kushona pamoja na kusoma. Mara nyingi daftari la kusomea lilikaa upande mmoja na nyuzi upande mwingine. Afadhali vikae katika mfuko mmoja.

Msimu wa jembe na msimu wa sindano

Saa za siku si kitu pekee cha kupanga. Panga mwaka pia. Mvua za masika kwetu hunyesha kati ya Machi na Mei. Mvua za vuli huja Oktoba hadi Desemba, na mara nyingine hazitoshi. Handeni inafahamu njaa ya miaka ya ukame. Kwa hiyo mvua ikinyesha, jembe ndilo la kwanza.

Mahindi yakichomoza, palizi ya kwanza isichelewe kupita wiki ya 3. Mahindi yakiwa machanga, magugu huyanyang'anya maji na chakula cha udongoni. Ukipalilia wiki ya 7, mahindi yameshadumaa, na hakuna kofia utakayouza irudishe gunia ulilopoteza. Wakati huo fuma usiku mistari michache tu, au usifume kabisa. Tundika mfuko ukutani. Nyuzi haziozi zikikaa pakavu.

Baada ya mavuno, Julai na Agosti, shamba linapumzika. Huo ndio wakati wa kuanza kazi kubwa, kama kitambaa cha meza au sweta ya mtoto wa shule.

Kuzungumza nyumbani

Jambo gumu liko hapa, nami sitalipita haraka. Ugomvi mwingi wa nyumbani juu ya kufuma hautokani na kufuma kwenyewe. Unatokana na kutosemezana. Mume haelewi kama sindano ni mchezo au ni kazi. Mama naye anaogopa kuuliza, akijua ataambiwa aache. Basi anafuma kwa kujificha, na mtu anayejificha hupoteza wakati mwingi zaidi.

Ninyi wawili kaeni. Mama aseme, "Baba watoto, naomba nusu saa, watu wakishakula. Nusu saa hiyo nitafuma." Baba naye aseme lile linalomuudhi. Huenda hajali kufuma. Huenda kinachomuudhi ni kukosa maji ya kuoga anaporudi. Kama ni maji, mzungumze juu ya maji.

Nusu saa ikishakubaliwa, iheshimiwe na pande zote mbili. Mama asiifanye saa 2. Na baba asimwite mama kila dakika aletewe kiberiti kilicho mezani. Wewe baba, una kahawa yako na bao lako barazani, na hakuna anayekuja kukuondoa katikati ya mchezo. Mama naye anahitaji kupumzisha moyo. Kufuma kunapumzisha moyo hata kama kofia haikuuzwa. Wasichana na wavulana wakubwa wanaweza kuosha vyombo kwa zamu katika nusu saa hiyo.

Na ninyi wanaume msidhani kufuma kuna aibu. Nchini Peru, huko Amerika ya Kusini, kuna kisiwa kiitwacho Taquile. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia zao wenyewe kwa sindano, na wavulana hufundishwa wakiwa wadogo. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi ya nguo ya watu hao kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Watu hao ni wakulima kama ninyi.

Hesabu ya kweli

Sasa fedha. Watu hupenda kuambiwa kwamba kufuma kutawatajirisha. Afadhali tupige hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Wewe andika bei za duka lako.

Tuseme donge 1 la nyuzi ni Sh. 3,000. Linatoa kofia 2. Kila kofia inauzwa Sh. 4,000.

Mauzo: 4,000 × 2 = Sh. 8,000
Toa nyuzi: 8,000 – 3,000 = Sh. 5,000

Kila jioni, kwa nusu saa, unafuma mistari 8. Kofia ina mistari 48. Basi kofia 1 ni jioni 6, na kofia 2 ni jioni 12. Gawa Sh. 5,000 kwa 12. Kila jioni haifiki Sh. 420.

Fedha hiyo ni chumvi, sabuni, kalamu na daftari la mtoto. Si fedha ya kuacha shamba. Lakini ni fedha iliyopatikana bila kuacha shamba, na ni yako. Ukiona mtu anaacha palizi kwa ajili ya kufuma, mwonyeshe hesabu hii. Na ukiona mtu anamkataza mkewe kufuma kwa kuwa "hakuna faida," mwonyeshe hesabu hiyo hiyo.

Usikubali kushona kwa mkopo kofia 10 za watu usiowajua. Tena usichukue maagizo ya kazi nyingi mwezi Machi. Mwambie mteja, "Nitaweza Julai." Mteja mwema atangoja.

Mambo madogo ya hatari

Nyuzi nyingi za dukani leo hutengenezwa viwandani na si sufu ya kondoo. Nyuzi hizo zikiguswa na moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Usifume karibu na mafiga. Usifume chini ya kibatari: moshi wake unaumiza macho, na mwanga wake hautoshi kuhesabu vitanzi. Taa ya sola ni bora. Kama huna, fuma jioni mapema ukiwa mlangoni. Kwa mwanga hafifu tumia nyuzi nyeupe au za njano. Nyuzi nyeusi zifume mchana.

Sindano zirudishwe mfukoni kila mara, na mfuko utundikwe juu. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu.

Maswali na mazoezi

1. Katika kufuma kofia, ni sehemu zipi zisizokubali kukatizwa?
2. Kipande chako cha kujaribia kina vitanzi 30 katika sentimita 10. Unataka kofia ya sentimita 32. Utaanza na vitanzi vingapi?
3. Kwa nini palizi ya kwanza isisubiri kofia iishe?
4. Andika katika daftari lako kazi zote ulizofanya jana tangu kuamka hadi kulala, na saa ya kila kazi. Weka alama mahali ulipokaa ukingoja. Mwonyeshe mtu wa nyumbani kwako karatasi hiyo kabla ya kuileta darasani.